Saa Nne ya Wapi

Kadi ya harusi ilinifikia chuoni siku ya mvua, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe, na kabla sijalisoma jina la bwana harusi macho yangu yakatua kwenye mstari wa mwisho. Saa nane kamili mchana, ilisema kadi, na mbele yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili: SAA ZA TANZANIA. Nilicheka peke yangu mpaka mwanafunzi aliyekuwa akisubiri mlangoni akachungulia kuona kama mwalimu wake ni mzima. Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wa Salma, niliyeishi naye chumba kimoja mwaka mmoja wa ujana wetu, na sasa anamwoza binti yake wa kwanza kwa kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kama kuna mtu Tunduma nzima mwenye haki ya kupigia saa mstari mara mbili, ni yeye. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi, na tulipofika Mlowo, pale magunia ya mahindi yanapopangwa mpaka karibu na lami, nilikuwa nimeshaacha kutazama dirishani. Mawazo yalikuwa yamerudi kwenye ule mwaka.

Somo ninalofundisha ni mantiki ya maarifa ya pamoja. Ni hisabati ya nani anajua nini, nani anajua kwamba mwenzake anajua, na mambo hayo yanabadilikaje mtu akifungua kinywa. Wanafunzi wangu hulitazama kama kitu kilichoshuka na ndege, kikiwa na alama zake zote. Huwa nawaambia kwamba nililisoma Dar es Salaam lakini nililielewa Tunduma, jikoni, kisu cha vitunguu kikiwa mkononi, nao hudhani natania. Vitabu vya wenzetu vina majeshi yanayotumiana wajumbe gizani. Mimi nina wazee wawili wastaarabu na saa zao za mkononi, na kwa miaka yote hii sijapata mfano unaowapita.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, nimepata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya binafsi pale mjini, na nilikuwa na ahadi mfukoni. Profesa wangu, mzee mwenye tabia ya kutafuna karanga huku akisahihisha, aliniambia kwamba atanichukua kwa shahada ya pili nikimwandikia ukurasa mmoja, bila alama hata moja ya hesabu, nieleze tofauti kati ya jambo ambalo kila mtu analijua na jambo ambalo watu wanalijua kwa pamoja. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Wee! Niliandika, nikachana, nikaandika, nikachana. Kila nilichoandika kilisomeka kama mtu anayejaribu kueleza maji kwa kusema ni majimaji. Nilikuwa najua fomula yake usingizini, na bado sikuweza kumweleza hata mwenye nyumba wangu.

Mwenye nyumba huyo alikuwa Bi Zuhura, mwenyeji wa Tanga aliyefika Tunduma kuuza vitenge na asiondoke tena. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vilivyozunguka ua, bati juu, sakafu ya saruji nyekundu aliyotaka ing'ae kila asubuhi, na ilikuwa na ila moja kubwa: kuta hazikufika juu. Silingibodi haikuwahi kuwekwa, kwa hiyo sauti ilipanda ukutani, ikatembea chini ya bati, ikashuka chumba cha pili ikiwa nzima kabisa. Tulisikia kila kitu. Tulijua nani anakoroma, nani kagombana na nani, nani kala nyama bila kualika. Lakini nyumba ile ilikuwa na adabu yake, na Bi Zuhura alinifundisha siku ile ile niliyohamia, baada ya mimi kumpa pole mpangaji mmoja kwa homa niliyoisikia ukutani. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba kilichosemwa chumbani hakijasemwa, hata kama tumekisikia wote. Kimesemwa kikisemwa uani, watu wakitazamana. Nilikubali kwa kichwa, nikiona ni ushamba mtupu. Ningeukariri ule mstari siku hiyo, ningelala mapema zaidi mwaka huo.

Salma tulilala naye chumba kimoja, vitanda viwili vya futi tatu na meza katikati. Alikuwa yatima, amelelewa na baba yake mdogo, Mzee Shabani, mfanyabiashara mwenye duka la nguo upande wa Nakonde na nyumba upande wetu, ukuta kwa ukuta na Bi Zuhura. Nyumba ya mzee ilijaa watoto wa kiume, ndipo akaona binti mkubwa akalale kwa Bi Zuhura, anayemwamini kuliko polisi. Mchana Salma alimsaidia dukani, akisalimia wateja mulishani na kuwatajia bei kwa Kibemba safi, na jioni alirudi na mafungu ya dagaa na hadithi. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, mnyoofu, wa maneno machache. Akimtambulisha Salma kwa mgeni alisema sentensi ile ile kila mara: huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Hakuongeza neno. Lakini kuta zile, mniwie radhi, hazikujua kutunza siri. Mara nyingi nilimsikia upande wa pili akinywa kahawa na Bi Zuhura na kumwambia kwamba hana usingizi kwa ajili ya yule binti, kwamba wanawe wa kiume watajiokoa wenyewe, lakini yule akimkosea atamwangalia kaka yake usoni vipi siku ya siku. Salma naye alisikia, amelala chali, macho kwenye bati. Hatukuwahi kulizungumza, kwa sababu lilisemwa chumbani.

Sasa kwa asiyeijua Tunduma, niseme kitu ambacho sisi tunakila pamoja na chai. Mji mmoja, saa mbili. Upande wetu ikiwa saa tano, ng'ambo kwa Wazambia ni saa nne. Barabara unaivuka kwa miguu, saa inarudi nyuma. Ukirudi na nyanya zako, inaruka mbele. Simu za tochi tulizokuwa nazo zilinasa mtandao wa upande wowote ulioziotea, na ujumbe ukitumwa mchana ulikuwa na hiari ya kufika jioni. Kwa hiyo mtoto wa Tunduma akiambiwa saa yoyote, ya basi, ya kinyozi, ya mpira, anauliza swali moja kabla hajavuta pumzi: saa ya wapi? Mzee Shabani aliishi kwa saa ya dukani kwake. Saa yake ya mkononi ilikuwa ya Zambia, na saa kubwa ya ukutani sebuleni kwake pia ilikuwa ya Zambia, na watu wote walilijua hilo.

Idrisa akaingia kwenye maisha yetu kwa mlango wa nyuma, kama wasafirishaji wote. Alikuwa na Fuso lake la kubeba mahindi na kahawa, nyumbani kwao Mlowo, na alianza kumletea Bi Zuhura nazi kutoka kwa wenzake wa njia ya pwani. Baada ya muda nazi zikawa nyingi kuliko mapishi. Alikuwa mpole, mcheshi kwa taratibu, na alipomwona Salma alisahau alikokuwa anaipeleka sentensi. Salma naye alianza kujipaka wanja kwenda kuchota maji. Nyumba nzima ilijua, na Idrisa, kwa heshima zake, akamtafuta mshenga: Mzee Kassim, dereva mstaafu wa Mlowo, mwenye sauti nzito na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mzee Kassim alikwenda dukani Nakonde, akapokewa vizuri, akapewa neno: njooni Jumamosi, saa nne asubuhi.

Akarudi na neno hilo. Hakuuliza saa ya wapi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu ni adabu iliyomzuia kuuliza. Ungemuulizaje mzee wa heshima, siku ya jambo la heshima, swali unalomuuliza konda wa basi? Mzee Kassim alijua vizuri kwamba Mzee Shabani anaishi kwa saa ya Zambia. Akaona ustaarabu ni kumfuata mwenye binti kwa saa yake: saa nne ya Zambia, ndiyo saa tano yetu. Mzee Shabani naye alijua vizuri kwamba wageni wake ni watu wa Mlowo, hawana habari na saa ya ng'ambo. Akaona ustaarabu ni kuwatajia saa yao. Kila mmoja alijua saa ya mwenzake, na kila mmoja akaacha saa yake nyumbani kwa heshima. Ninalieleza hili darasani kila mwaka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayejishika kichwa.

Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni kwa Mzee Shabani pamoja na wanawake wa jirani, tukimenya vitunguu. Salma alikuwepo, akimenya viazi vya posa yake mwenyewe, na hapa kuna desturi nyingine ambayo lazima niieleze: binti anayeposwa hajui. Anaweza kuwa amechagua hata kanzu ya mshenga, lakini siku ile hajui wageni ni nani wala wanafuata nini. Anamenya viazi tu. Wanawake wote tulijua kwamba anajua, tukamwuliza kwa sauti tamu kama leo kuna mgeni, naye akasema ati hajaambiwa, tukacheka kidogo chini ya kanga. Sebuleni wazee wa upande wa mzee walikuwa wameshakaa. Saa nne yetu ikafika, ikapita. Wazee wakaanza kukohoa. Ndipo Salma akaacha kiazi, akanisogelea, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Tuse," akaninong'oneza kwa jina langu, "watakuja saa tano."

Alikuwa ameliona lote kwa mkupuo. Yeye peke yake katika mji ule aliwajua wote wawili vya kutosha: alijua baba yake mdogo huwageuzia saa wageni, na alijua Idrisa na watu wake watamgeuzia mzee. Maneno mawili tu pale sebuleni yangemaliza kazi. Lakini angeyasemaje mtu ambaye hajui kama kuna wageni? Nikajitolea niende mimi, akanishika mkono, kwa sababu mimi, Mndali wa Ileje, mpangaji tu, angeyajulia wapi ya wazee kama si kutoka kwake? Tukampigia Idrisa, simu ikajibu kwa Kiingereza cha kule ng'ambo kwamba hapatikani. Tukatuma ujumbe, nao ulifika, baadaye alituambia, akiwa tayari anavua viatu mlangoni. Tukakaa na visu vyetu, tukisikiliza wazee wakikohoa, na nilijisikia kama mtu anayeona sufuria inafurika na mikono yake imefungwa.

Walifika saa tano yetu kwa dakika. Mzee Kassim aliingia mbele, akatoa salamu kwa sauti yake nzito, kisha, na hili nililiona kwa macho yangu kupitia mlango wa jikoni, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kamili. Akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyefika kwa wakati, akawatazama wenzake, nao wakaitazama saa wakatabasamu. Mzee Shabani aliwaona watu waliomweka yeye na wazee wenzake saa nzima wakiitazama saa yake na kucheka. Aliwakaribisha maji. Aliwashukuru kwa kuja. Akasema kwamba binti bado mdogo, akasimama, na posa ikaishia hapo, pilau letu likiwa halijaguswa. Jioni ile, ukutani, tulimsikia akimwambia Bi Zuhura kwamba mtu asiyeheshimu siku ya kuomba hataheshimu siku ya kupata, na kwamba Idi ikipita Salma atakwenda Kondoa kwa shangazi zake, huko ataolewa na watu wanaojulikana. Salma aligeukia ukuta. Nilikaa kitandani kwake mpaka kanga yangu ikalowa machozi yake.

Kesho yake nilichukua chaki za shule nikachora uani, kwenye saruji nyekundu ya Bi Zuhura, jambo ambalo siku nyingine lingenifukuzisha. Nilichora nukta nne. Kila nukta ni namna moja ambavyo mambo yangeweza kuwa: mzee kakusudia saa yake au saa ya wageni, wageni wamefuata saa yao au saa ya mzee. Kisha nikaunganisha kwa mstari nukta ambazo Mzee Shabani asingeweza kuzitofautisha akiwa pale alipo, na kwa mstari mwingine zile ambazo Mzee Kassim asingeweza. Salma alichuchumaa pembeni na fagio. Nikamwonyesha kwamba jambo ni la pamoja pale tu ambapo ukitoka kwenye nukta uliyopo, ukafuata mistari ya mtu yeyote, kisha ya mwingine, uende mbali utakavyo, hufiki kamwe kwenye nukta ambapo jambo hilo ni uongo. Hapa palikuwa na njia ya kufika huko, tena fupi. Hakuna aliyedharau mtu. Kulikuwa na mistari tu ambayo hakuna aliyeifuta, kwa sababu swali la kuifuta halikuulizwa. Salma alitazama muda mrefu, akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Bi Zuhura akatoka, akaona sakafu yake, akafungua kinywa, akatuona, akakifunga, akaketi juu ya kinu akaniambia nimweleze na yeye.

Nilidhani tumemaliza. Kilichobaki ni kuwaambia wahusika, na kwa kuambia watu Bi Zuhura hakuwa na mpinzani. Alimwambia Mzee Shabani kwa siri, akamwapisha asiseme ametoa wapi. Alimwambia mke wa mzee kwa siri. Salma akamwambia Idrisa, Idrisa akamwambia Mzee Kassim, Bi Zuhura akawaambia wazee wa sebuleni, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sharti asimwambie mwenzake. Nilimsikia Mzee Shabani kwa masikio yangu, juu ya ukuta, akisema, "Kumbe." Nikamfinya Salma gizani kwa furaha. Na baada ya hapo hakikutokea kitu. Siku zikapita, mwezi wa Ramadhani ukaingia, na hakuna aliyeinua mguu. Mzee Shabani alijua sasa kwamba hakudharauliwa, lakini alidhani wazee wenzake bado wanaona alidharauliwa. Akiwaita wale watu watamwona hana msimamo. Wazee wenzake walijua, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mzee Kassim alijua, lakini alidhani mwenye binti bado ana hasira, atamfukuza mbele ya watu. Mji mzima ulikuwa unajua, na Salma alikuwa anafunga sanduku la kwenda Kondoa.

Hapo ndipo ukurasa wa profesa uliponifungukia, na ulifunguka kwa uchungu. Unaweza kumwambia kila mtu. Unaweza kumwambia kila mtu kwamba kila mtu ameambiwa. Unaweza kuongeza ngazi nyingine juu ya hiyo, na nyingine, na kila ngazi ukiishia bado pana nafasi ya mtu mmoja kujiuliza kama mwenzake yuko ngazi moja chini. Ngazi zote zenye mwisho zinaruhusu shaka. Katika hisabati yetu hiki ni kisa maarufu, kwamba ngazi hizo, uzichukue moja moja au mafungu kwa mafungu, zinakaa na ile shaka bila ugomvi, ila zote kwa jumla, bila mwisho, haziwezi kukaa nayo. Nilikuwa nimeuthibitisha ukweli huo kwenye mtihani na kupata alama zote. Sasa nilikuwa nalala nao chumba kimoja, una sura ya Salma, unakunja kanga za safari. Nikamwendea Bi Zuhura nikamwambia kwamba tumekuwa tukisemea chumbani, na jambo hili linatakiwa lisemwe uani. Alinitazama kama mtu aliyemwona mtoto wake akitembea.

Akaamua kufuturisha. Alialika pande zote mbili, kwa mgongo wa sadaka, kitu ambacho hakuna Mwislamu anayekikataa katika mwezi ule. Nilimuuliza kwa wasiwasi waambiwe waje saa ngapi, maana nilishaogopa neno saa lenyewe.

"Magharibi," akasema. "Jua halina Zambia."

Na kweli walifika wote kwa pamoja, wa Mzee Shabani na wa Mlowo, wakisalimiana kwa macho ya chini. Mikeka ilitandikwa uani. Kulikuwa na uji wa mchele wa Kamsamba wenye pilipili manga, mihogo na magimbi ya nazi, maharage, samaki wa kukaanga, na mbalaga za ndizi nilizopika mimi kwa fahari ya Ileje; Bi Zuhura alinitania mbele ya wanawake kwamba Mmoraviani huyu anafuturu tangu asubuhi. Adhana ikalia upande wetu, na pumzi moja baadaye ikalia upande wa Nakonde, na mikono yote ikaenda kwenye tende. Kila mtu aliona kila mtu akila. Nilisimama na bakuli langu nikawaza kwamba hiki ndicho nilichoshindwa kukiandika mwaka mzima: kitu kimoja, wakati mmoja, mbele ya macho ya wote.

Lakini wakala tu. Walizungumzia bei ya mahindi. Walizungumzia foleni ya malori. Walisifu magimbi. Wazee walianza kutafuta makobazi yao kwa miguu, wakijiandaa kwa sala ya Isha, na Bi Zuhura, mwanamke asiyewahi kukosa neno, nilimwona amekwama, maana kwa nafasi yake yeye angesema nini ambacho si umbea? Salma alikuwa akipita na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Alimnawisha Mzee Kassim. Akafika kwa baba yake mdogo, akapiga goti, akainua jagi, na hakumwaga maji.

"Baba mdogo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ua mzima ukasikia, "siku ile ulikusudia saa nne ya wapi?"

Kwa swali moja alikuwa amejivua kutojua kwake kote mbele ya wazee. Mtu mwenye jagi alikuwa anajua, alikuwa anajua tangu mwanzo, na sasa kila mmoja alimwona kila mwenzake akilisikia. Mzee Shabani aliitazama mikono yake iliyokuwa ikingoja maji.

"Ya kwao," akasema mzee hatimaye.

Mzee Kassim akageuka mzima mzima kwenye mkeka. "Na sisi," akasema, "tulikuja kwa ya kwako."

Aliyeanza kucheka ni mmoja wa wale wazee wa sebuleni, yule aliyekohoa kuliko wote, na alicheka huku akisema kwamba yeye alijua, na wa pili akasema hata yeye alijua, na wa tatu akamgeukia Bi Zuhura akamwonyesha kidole, na Bi Zuhura akajifunika uso kwa kanga. Mzee Kassim alicheka mpaka kanzu yake ikakunjamana. Mzee Shabani hakucheka. Alimwambia Salma amwage maji, akanawa taratibu, akafuta mikono, ndipo akasema kwamba wageni wake walikuja kwa wakati na yeye ndiye aliyewanyima chakula, na kwamba Jumamosi, saa nne, waje wakile. Mzee Kassim akavuta pumzi, na watu wote wa ua ule, wanaume na wanawake, Waislamu na mimi, tukauliza kwa sauti moja saa ya wapi. Hapo sasa mzee alicheka.

Salma hakwenda Kondoa. Baada ya Idi aliolewa, na sanduku lile lile lilipakiwa kwenye Fuso. Mimi niliuandika ukurasa wangu kwa kikao kimoja, nikaupeleka kwa basi, na jibu la profesa lilikuja likiwa na neno moja, njoo, na doa la mafuta ya karanga.

Yote hayo niliyapitia kichwani mpaka basi likaniteremsha Tunduma. Harusi ilianza saa nane kamili, saa za Tanzania, na watu wa Nakonde walikuwa wamekaa nusu saa kabla, wakicheka, maana kila mmoja alikuwa ameulizwa na kuuliza. Bi Zuhura hayupo tena, Mungu amrehemu, na nyumba yake imepata silingibodi. Mzee Shabani yupo. Macho yamefifia, anashikwa mkono na wajukuu, na saa yake ya Zambia inamzunguka kwenye kifundo cha mkono kilichokonda. Ulipofika wakati wa kutambulisha familia, alipewa kipaza sauti, akaanza na wanawe wa kiume kwa mpangilio. Nilikaa karibu na Salma, sahani zetu za pilau mapajani, na sote wawili tulijua sentensi inayofuata. Tulikuwa tumeisikia mara zisizo na hesabu.

Mzee alinyoosha mkono kuelekea mahali alipodhani Salma amekaa.

"Yule," akasema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yake mpaka nje barabarani, "ni Salma, mwanangu."

Kisha akaendelea na wajukuu, kana kwamba hajasema kitu. Hakuna aliyeshtuka ukumbini. Walikuwa wanalijua hilo tangu zamani. Lakini Salma, bibi harusi wa Fuso, mama wa bibi harusi wa leo, mwanamke aliyepiga goti na jagi mbele ya wazee bila kutetemeka, alikuwa ameshika kijiko hewani na machozi yanamdondokea kwenye wali.

"Nilikuwa najua," akaniambia.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa najua, na yeye alijua kwamba nilijua, na mimi nilijua kwamba alijua. Akacheka huku analia, akanipiga begani na kijiko, akaniambia niache hesabu zangu, nile, pilau linapoa.